Safari Yetu ya Jamhuri

Ndugu zetu wasomaji, mama zetu na dada zetu mnaotufungulia mlango kila wiki, juma lililopita hatukuwa nanyi kwa sababu tulikuwa safarini. Dada yetu mkubwa alitutuma Nairobi. Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua mtoto wa kiume katika mtaa wa Jamhuri, kando ya Ngong Road, na siku ya akika ilikaribia bila mzee yeyote wa upande wa mama. Dada mwenyewe miguu yamsumbua. Safari ya nusu siku haiwezi. Basi tukafunga mizigo, sisi na mama watoto wetu: samli chupa mbili, asali, tende, na nguru mkavu tuliyemviringisha magazeti mara tatu asije akawaudhi abiria. Hiyo ndiyo mizigo iliyoonekana. Mzigo mwingine tulipewa mlangoni, kwa sauti ya chini: "Mwambie arudi kwao. Mjukuu wangu asikulie kwenye baridi, kati ya watu nisiowajua."

Tuliondoka stesheni ya Miritini asubuhi. Njiani treni za mizigo zilitupisha na sisi tukazipisha, na mama watoto akawa anahesabu makontena yanayopanda bara. Alifika Voi akachoka, akafunga macho. Sisi tulibaki tukitazama nyika ya Tsavo na kukumbuka kwamba reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Nairobi mwaka 1899 hapakuwa na mji pale, ila maji baridi na majani. Mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa yakapelekwa huko. Mji uliozaa ukawa unamtumikia mwanawe. Si jambo la ajabu katika historia. Miji mingi ya bandari imepatwa na hayo. Lakini mtu wa Mombasa hulisoma kwa jicho lake.

Mchana tulikuwa Nairobi. Tuliswali katika msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, tukazikusanya adhuhuri na alasiri kwa ruhusa ya msafiri, kisha tukachukua teksi kuelekea magharibi. Jamhuri ni mtaa mtulivu. Kuna nyumba za zamani zenye vigae na bustani za maua, na katikati yake yameota maghorofa marefu ambayo kila mwenye kiwanja anaona ni lazima ajenge. Binti yetu akaa ghorofa ya nne. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni kwake utaona mabati ya Kibra, yenye rangi ya kutu, yakishuka bondeni hadi kwenye ile reli ya zamani iendayo Kisumu. Kutoka jikoni pa mwenye maji ya bomba hadi kwa mama anayenunua maji kwa dumu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Usiku wa kwanza hatukusema neno la ujumbe. Mzazi hapewi maneno mazito kabla ya kupumzika. Tulimwangalia mtoto, tukamwombea, tukala wali, na mama watoto akaingia jikoni kutengeneza uji wa pilipili manga kana kwamba hakusafiri.

Asubuhi tulitoka kutembea, tukawa tunalifikiria jina la mtaa. Sisi tuliosoma chuoni twalijua neno hili kabla ya kulisikia kwenye siasa: jumhur, katika vitabu vyetu, ni wale walio wengi. Kauli ya jumhur ni kauli ya wanavyuoni walio wengi. Na nchi ikiitwa jamhuri maana yake ni nchi ya umma mzima. Tarehe 12 Desemba twaisherehekea, lakini aghalabu twasahau kwamba ndani yake mna siku mbili: uhuru wa mwaka 1963 na jamhuri ya mwaka 1964. Katika mwaka ule mmoja kati yake Kenya ilikuwa na katiba ya majimbo, majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake. Aliyeyapigania alikuwa mtu wetu wa Pwani, Ronald Ngala, kiongozi wa KADU. Chama hicho kilivunjwa Novemba 1964, na jamhuri ilipoingia mwezi uliofuata mamlaka ya majimbo yakenda zake.

Hatusemi kwamba majimbo yalikuwa dawa. Wako walioyaelewa kuwa ni ruhusa ya kumwambia jirani afungashe virago arudi kwao, na sisi tuliokuwapo Mombasa wakati wa maafa ya Likoni mwaka 1997 hatuhitaji kusimuliwa mwisho wa fikra hiyo. Tunalolisema ni kwamba mwaka mmoja baadaye, 1965, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika, chini ya wizara ya mipango ya marehemu Tom Mboya. Waraka ule, kwa maneno yetu sisi, uliamua kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Penginepo pangoje, mtungi ukijaa utafurika, na maji yatawafikia walio mbali.

Ukiusoma bila hasira, waraka huo una akili. Baba mwenye shilingi chache humsomesha mtoto anayeonekana mwepesi, akitaraji naye atawainua ndugu zake. Lakini penye reli na barabara mwaka 1965 palikuwa ni pale alipopataka mkoloni. Aliyepewa jana ndiye aliyeonekana anafaa kupewa leo. Na kwa kuwa katika nchi yetu kila kabila lina upande wake, kuchagua ardhi kulikuwa, watu wapende wasipende, ni kuchagua kabila. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliitaja Pwani pamoja na Kaskazini Mashariki, Nyanza, Magharibi na sehemu nyingine kuwa zilisahauliwa kiuchumi. Leo Nairobi, yenye watu milioni 4.4 kati ya milioni 47.6 kwa hesabu ya 2019, huzalisha zaidi ya robo ya pato la nchi nzima. Mtungi umejaa, hilo hakuna anayelibisha.

Siku ya tatu binti mwenyewe ndiye aliyeanza. Alikuwa amekaa na mtoto kifuani, akasema, "Mjomba, najua Mama amekutuma."

Tukamwambia ndivyo.

Yafaa tuwaeleze kazi yake, maana ndiyo kisa chenyewe. Binti huyu alisomea uhasibu, akaajiriwa Mombasa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena, ikaamriwa yapandishwe moja kwa moja hadi bandari ya nchi kavu kule Embakasi, na hesabu za ushuru zifanyiwe Nairobi. Wenye malori, wenye maghala, wenye vibanda vya chai njia nzima hadi Mariakani waliliona pigo hilo, na mwaka 2019 Mombasa iliandamana. Kampuni yake ilihamisha meza zake, na meza yake yeye ikiwa mojawapo. Kontena lateremshwa Kilindini, mbele ya macho ya mama yake, na karatasi yake yaandikwa Nairobi na mwana aliyehamishwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2022 amri ile ilibatilishwa na kazi za bandari zikarudishwa Mombasa. Lakini kampuni iliyokwisha kulipa kodi ya ofisi Nairobi, na mameneja waliokwisha kuwapeleka watoto wao shule za huko, hawarudi kwa tangazo la siku moja.

"Mwambie Mama si kwamba sitaki," akasema. "Mimi nimeifuata kazi yangu. Siku itakaporudi nami nitarudi, wala sitasubiri mwisho wa mwezi."

Hatukuwa na jibu. Tumezoea kuwaambia vijana wetu wavumilie, watafute riziki waliko. Lakini huyu hakukimbia riziki ya kwao, ilichukuliwa ikawekwa mbele yake mahali pengine, akaifuata kama yeyote mwenye akili atakavyofanya.

Kisha akatuuliza jambo lililotuondolea usingizi usiku ule. "Mjomba, zaka ya akiba yangu niitoe wapi? Nimekuwa nikiipeleka Mombasa kwa jirani zetu. Kuna mama mmoja msikitini hapa ameniambia haifai."

Mama yule hakukosea. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba zaka hutolewa pale ilipo mali, kwa mafukara wa mji ule, wala haihamishwi maadamu wapo wanaostahiki. Wapo wanavyuoni wengine walioruhusu kuihamisha kwa haja kubwa au kwa jamaa mwenye dhiki. Tulimweleza yote mawili, na tukamsimulia habari ya Muadh bin Jabal, aliyekuwa Yemen. Alipompelekea Sayyidna Umar, Madina, thuluthi ya zaka ya watu wa Yemen, Umar hakufurahi. Alimkumbusha kwamba hakutumwa kukusanya kodi, bali kuchukua kwa matajiri wa watu wale na kuwarudishia mafukara wao. Muadh akajibu kwamba hakupata wa kupewa. Mwaka uliofuata alipeleka nusu, na wa tatu akaipeleka yote, kwa sababu hapakuwa tena na mhitaji Yemen. Tazameni mpangilio wake: makao makuu yalipokea ziada baada ya jimbo kushiba, tena yalipokea kwa kuuliza maswali. Sisi mtungi wetu twaujaza kwanza upande wa pili.

Lakini tulipokuwa tukiitoa fatwa hiyo tuliona lililomo ndani yake. Kama zaka hufuata mali, na mali imekusanyika Nairobi, basi hata zaka ya watoto wetu haki yake ni Nairobi. Mafukara wa mitaa yetu ya Kisauni na Likoni wamekosa kazi, kisha wamekosa na fungu lao katika mali ya watoto waliowalea. Tulimwambia binti zaka yake aitoe hapo alipo, na sadaka aipeleke kwao kadiri awezavyo. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mafukara wa hapa, Mjomba, nao si wa hapa."

Asubuhi yake alitutuma na jirani yake tupeleke nyama ya akika Makina, upande wa Kibra wenye misikiti. Jirani huyo ni mama wa Kikuyu, mtu mzima, ambaye tangu binti atoke hospitali amekuwa akimletea njahi, zile kunde nyeusi ambazo kwao hupewa mwanamke aliyejifungua ziongeze maziwa. Mama watoto wetu alizionja kwa shaka, siku ya pili akaomba bakuli lake.

Kibra tuliwakuta watu wa kila pembe. Wanubi, ndugu zetu katika dini, ndio wa mwanzo. Babu zao walikuwa askari wa Kiingereza kutoka Sudan, wakapewa msitu ule wakae, na neno lenyewe kibra kwa lugha yao ni msitu. Hati ya ardhi yao, ekari 288, waliipata mwaka 2017, baada ya zaidi ya miaka mia ya kuitwa wageni. Watu wa Pwani walioishi kama maskwota kwenye mashamba ya babu zao watauelewa uchungu huo bila mkalimani. Waliofuata ni Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii. Kila tuliyemuuliza kwao ni wapi alitutajia mahali palipo mbali, na tukiuliza kwa nini alikuja, jibu lilikuwa moja: kazi. Upande uliosahauliwa haukubaki ulipokuwa ukisahauliwa. Umepanda basi, umekuja kukaa ukutani mwa Jamhuri.

Wakati wa kurudi yule mama wa Kikuyu alitupitisha karibu na uwanja wa Jamhuri Park, ambako kila mwaka hufanyika maonyesho ya kilimo na biashara. Maonyesho ya mwaka huu yalikuwa yamekwisha majuzi, mabango hayajabanduliwa. Pale ndipo kila eneo la nchi huja kuonyesha ng'ombe wake, chai yake, na sisi nazi na korosho zetu. Tukamwambia watoto wa shule lazima hupafurahia. Akasema yeye amelala pale.

Alikuwa na kibanda cha nguo soko la Toi. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, soko lilichomwa moto, naye akakimbia na watoto watatu. Januari 2008 uwanja wa maonyesho ulikuwa kambi ya wakimbizi. Alilala, asema, chini ya banda lenye picha ya mahindi mazuri ukutani, na hakuna la kupika. Aliyemletea maji siku ya pili alikuwa mwanamke wa Kiluo, jirani yake wa sokoni, ambaye naye alikuwa amepoteza kibanda katika moto uleule.

Siku hizo vijana wa Kibra walishuka relini wakazing'oa pau za njia. Ni reli ileile iliyoanzia kwetu. Mizigo ya Uganda iliyotoka Kilindini ikakwama, na bei ya mafuta Kampala ikaruka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini. Uchumi uliokuwa ukikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulishuka chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Wataalamu huweza kueleza hayo kwa ukame na kwa misukosuko ya masoko ya dunia, na wana haki. Lakini kijana anayeng'oa reli iliyopita mlangoni kwake maisha yake yote bila kumshushia chochote haharibu kwa ujinga tu. Alikuwa ameambiwa, na kuamini, kwamba serikali ni sinia, kila kabila lina zamu yake, na zamu yake imeibwa tena. Katika nchi ya watu wa asili moja maskini huwalaumu matajiri. Katika nchi kama yetu humlaumu jirani mwenye lugha nyingine, hata kama jirani huyo ana kibanda cha mitumba tu.

Jioni ile tulizungumza na mume wa binti. Yeye ni Mborana wa Marsabit, fundi wa umeme, mtu wa maneno machache na heshima nyingi; dada yetu hajamzoea, na tutamwambia amekosea. Katika waraka ule wa 1965 kwao kulikuwa ni mahali pa kungoja: jua, mawe na upepo. Sasa katika jimbo hilohilo, karibu na Ziwa Turkana, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa kabla ya kusambazwa. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Ilikaa zaidi ya mwaka ikizunguka bure kwa sababu nyaya za kuuchukua umeme zilikuwa hazijafika. "Upepo huu, Sheikh, babu yangu alikuwa akiuapiza," akasema. "Umewasha taa Nairobi kabla ya kuwasha kwetu."

Haki itatupasa kusema kwamba mambo yamebadilika tangu katiba ya 2010. Kaunti 47 zina haki ya si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mji wa Mandera lami ya kwanza ililazwa baada ya ugatuzi. Uliwekwa pia mfuko wa usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kwa miaka 20, wa maji, barabara, afya na umeme. Kati ya kaunti 14 za mwanzo zilizotajwa kustahiki, tano ni zetu: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Fedha zake zimekwenda kwa mwendo wa konokono. Wala tusiwanyooshee kidole watu wa Nairobi peke yao, kwani mtu wa Ganze anaweza kutuuliza sisi wa mijini ni nini kimemfikia kutoka makao ya kaunti yake, na tutainamisha vichwa.

Tuliondoka siku ya tano. Binti alitushika mikono akatubusu, akatupa bahasha ya mama yake na picha za mtoto. Mama wa Kikuyu alileta mfuko wa njahi, kilo mbili, kwa ajili ya bibi yake mtoto. Katika treni mama watoto hakuhesabu makontena.

Dada yetu alikuwa barazani akitungoja. Alitazama picha moja baada ya nyingine, mtoto akiwa kifuani mwa mama, kisha kwa baba, kisha kwa mwanamke asiyemjua, mwenye kitambaa cha maua kichwani. "Huyu nani?" akauliza. Tukamweleza. Akanyamaza kitambo, hakuuliza habari ya ujumbe. Akaufungua ule mfuko, akazimimina njahi kwenye ungo, akaanza kuzichambua kwa vidole, taratibu, kama achambuavyo mchele.

"Na hizi," akasema, "hupikwa kwa nazi?"